Mkunga alijua nisichokijua. Nikasomee ubingwa?

Shikamoo Bibi Daktari,

Safu yako naisoma tangu nikiwa mtarajali, ila sikudhani ipo siku nitakuandikia. Nina miaka 35, nimeoa, tuna watoto wawili. Nilimaliza shahada ya udaktari mwaka 2015, nikafanya utarajali mwaka mmoja, na sasa ni mganga mfawidhi wa kituo cha afya kilichoko pembezoni kabisa mwa wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Chumba cha upasuaji tunacho. Damu tunayo siku mbili tatu kwa wiki. Gari la wagonjwa lipo, mafuta ndiyo ya kuombea. Hospitali ya wilaya iko kilomita 74 za vumbi. Madaktari wenye shahada tuko wawili, na mwenzangu yuko likizo ya uzazi.

Miezi miwili iliyopita nilipigiwa simu saa nane usiku. Mama wa uzazi wa nne amejifungua salama, lakini damu haikati. Nilipofika niliangalia khanga aliyolalia nikasema, "Si nyingi hii." Mji wa mimba ulikuwa laini kama donge la chapati. Nikaukanda, nikaagiza oksitosini ya kuukaza, nikasimama pale nisubiri matokeo. Mkunga wa zamu ni binti mwenye mwaka mmoja na nusu tu kazini. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dokta, tumpe na traneksamiki sasa hivi?" Nikamjibu kwa ukali kwamba hiyo dawa ya kukatisha damu ni ya mwisho kabisa, asubiri.

Bibi, sikuwa na sababu yoyote ya kumwambia asubiri. Sikujua, basi. Binti akanyamaza. Akazikusanya zile khanga na mabonge ya damu, akaviweka kwenye mizani ya kupimia watoto, akatoa uzito wa khanga kavu, akaniambia, "Gramu mia tisa, Dokta, na bado inakuja." Hapo ndipo akili ilipokaa sawa. Tukampa kila kitu kwa pamoja, damu ikakata, tukamsafirisha alfajiri. Alirudi nyumbani baada ya siku sita. Asubuhi ile nilifungua mwongozo kwenye simu nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya stoo, nikasoma kwamba dawa ile hutolewa mapema, ndani ya saa tatu tangu kujifungua. Ushauri huo wa Shirika la Afya Duniani ni wa mwaka 2017. Mimi nilitoka chuo 2015.

Yule binti sikumwambia kitu mpaka leo. Tangu siku ile kila nikisema jambo anaitikia "ndiyo Dokta" na kwenda zake.

Kinachoniuma ni kwamba nina vyeti 11 kwenye bahasha ya kaki. Kimoja ni cha huduma za dharura za uzazi, siku tano hotelini, 2018. Huenda traneksamiki ilitajwa kwenye slaidi. Nakumbuka chakula cha mchana, nakumbuka tulivyobishana juu ya nauli, hilo silikumbuki. Siku hizi semina zenyewe zinaishia kwa wakubwa wa wilayani. Pointi za kuhuishia leseni nazipata usiku kwenye simu. Majibu ya maswali huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla hata hujafungua somo.

Upande wa pili kuna familia. Mzee wangu kila Krismasi ananiuliza, "Ubingwa lini?" Niliosoma nao mmoja ni bingwa wa mifupa, mwingine wa masikio na koo. Mwaka jana kwenye harusi ya shemeji yangu MC aliwatambulisha wale wawili kwa mbwembwe, alipofika kwangu akasema, "Na huyu naye ni daktari, wa kawaida." Ukumbi ukacheka. Nilicheka pia.

Lakini Bibi, mimi napenda kazi hii. Asubuhi moja namwona mtoto wa nimonia, mzee wa presha, kijana aliyeanguka na bodaboda, na mama anayelia ambaye haumwi popote. Nikienda ubingwa naogopa kubaki na kiungo kimoja. Nisipokwenda naogopa kuoza hapa hapa. Nifanye nini? Na ninawezaje kujifunza nikiwa peke yangu?

Wako,
Daktari wa Kawaida

---

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliangalia neno moja tu: "peke yangu". Usiku ule chumbani mlikuwa wangapi? Tutalirudia hilo.

Kwanza tuimalize habari ya dawa, maana wapo wenzako watakaosoma hapa nao bado wanaiita ya mwisho. Utafiti uliobadilisha mwongozo uliandikisha wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania ikiwemo, na ulitoka 2017. Waliopewa traneksamiki ndani ya saa tatu, vifo vya kuvuja damu kwao vilipungua kwa karibu theluthi moja. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10. Kwa hiyo ukisema "tuiweke akiba" unaiacha dawa iharibike mkononi. Na kuhusu ile "si nyingi hii" yako: jicho la daktari ni mizani mbovu, langu na lako. Mwaka 2023 yalitoka matokeo kutoka hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu. Walichofanya ni kumtandikia mama mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu, na damu ikizidi wanatoa huduma zote kwa mpigo badala ya moja baada ya nyingine kama ulivyofanya wewe. Uvujaji mkubwa na madhara yake vilipungua kwa asilimia 60. Binti yako hakuwa na mfuko, akatumia mizani ya watoto. Huyo ni wa kumshika.

Sasa nikuonyeshe kidonda changu, usidhani nakusema nikiwa juu ya mti.

Nilitoka chuo cha Muhimbili enzi ambazo klorokwini, dawa ya malaria, ilikuwa kama maji. Mwaka 2001 nchi ikaiacha tukahamia SP, dawa nyingine ya malaria, mwisho wa 2006 ikaja dawa mseto. Mabadiliko hayo mawili niliyapokea bila shida. Waraka ulikuja, boksi jipya likaja, nikaandika jina jipya. Kilichonishinda ni kipimo cha haraka cha malaria. Kilipofika wilayani kwetu, watoto wenye homa wakawa wanatoka maabara na jibu moja: hakuna. Nikasema vipimo vibovu. Kijana wa maabara, ambaye kiumri angeweza kuwa mwanangu wa mwisho, akachukua damu za watoto kumi niliowabishia, akatengeneza slaidi, akaniita nichungulie kwenye hadubini mwenyewe. Nikachungulia zote. Hakukuwa na kimelea. Unajua nilifanya nini? Nilirudi chumbani nikawaandikia dawa mseto wote kumi. Niliendelea hivyo kwa miezi, mtu mzima, na stethoskopu yangu shingoni. Baadaye, mwaka 2014, ukatoka utafiti wa Dar es Salaam na Ifakara wa watoto 1,005 wenye homa: waliokuwa na malaria walikuwa karibu mmoja katika kumi, na wengi wa waliobaki walikuwa na virusi vya njia ya hewa. Kijana wangu wa maabara alikuwa sahihi miaka kadhaa kabla ya watafiti, na mimi sikuwahi kumwambia. Alihamishwa. Namba yake sina.

Nakueleza hayo kwa sababu sisi wa zamani tunapenda kusema uzoefu ndio mwalimu. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 62 zilizolinganisha ubora wa huduma na miaka ya daktari kazini. Zaidi ya nusu zilionyesha kwamba miaka inavyoongezeka, ubora unashuka. Uzoefu hukupa wepesi wa mkono, hilo sikatai. Ila hukupa wepesi huohuo hata katika kosa.

Na semina? Bati za nyumba yangu, sitakuficha, zimetoka kwenye posho za semina, kwa hiyo nikizisema vibaya nasema na paa langu. Lakini sikiliza kilichotokea Haydom, kule Mbulu. Mwaka 2010 wafanyakazi wa hospitali walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, wakitumia mwanasesere. Miezi saba baadaye wakapimwa. Kwenye mwanasesere walifanya vizuri kuliko zamani. Kwenye chumba cha kujifungulia, kwa watoto wenyewe, hakuna kilichobadilika. Wangeweza kuishia hapo, wakagawa vyeti, wakapiga picha ya pamoja. Hawakuishia. Mwanasesere akahamishiwa wodini, watu wakawa wanafanya zoezi la dakika chache, mara kwa mara, palepale wanapofanyia kazi, na mfuko wa kupulizia hewa uleule watakaoushika usiku. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Hoteli haikuhusika.

Hiyo ndiyo elimu unayoweza kuipata kilomita 74 za vumbi kutoka wilayani, na haimsubiri mganga mkuu akuchague. Jumatatu, ripoti ya zamu ikiisha, kabla watu hawajatawanyika, chukueni dakika kumi. Jambo moja tu. Wiki hii damu baada ya kujifungua: dripu iko wapi, traneksamiki iko kabati gani, ufunguo anao nani saa nane usiku. (Mara nyingi jibu la ufunguo ndilo somo lenyewe. Nimewahi kuona dawa ya kifafa cha mimba imefungiwa ofisini kwa mtu aliyekwenda msibani.) Wiki ijayo degedege la mtoto. Inayofuata mgonjwa wa kisukari aliyepoteza fahamu. Mkimaliza mambo yote, anzeni upya, maana mikono husahau.

La pili ni daftari. Dogo, la mfukoni. Kila ukikwama mbele ya mgonjwa andika swali, bila jina lake: "Mjamzito mwenye presha na pumu, dawa ipi siyo?" Jioni chagua swali moja, moja tu, ulitafutie jibu kwenye mwongozo wa matibabu wa taifa. Intaneti ikiwepo pakua mwongozo mzima kwenye simu usiwe unategemea mtandao. Wengi husoma walipopapenda. Daftari litakupeleka usikokujua. Nakuonya pia juu ya makundi ya WhatsApp. Uko kwenye mangapi? Mimi nilijitoa nikabaki na moja. Picha ya jeraha la mtu inarushwa kwa madaktari 250, tisa wanajibu, majibu ni saba tofauti, na aliyejibu kwa kujiamini zaidi ndiye aliyemaliza chuo juzi au aliyeacha kusoma zamani kama mimi.

Halafu rufaa. Mgonjwa ukishampandisha gari, unajua kilichompata? Barua ya kurudisha majibu haiji, sote tunalijua hilo. Piga simu siku ya tatu. Wewe ulisema ni nini, wao wamekuta nini? Mimi nimejifunza tumbo kwa simu hizo kuliko kwa kitabu: nilipeleka kidole tumbo, ikarudi ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, baada ya mara mbili za aibu hiyo sikurudia. Na wale madaktari bingwa wa Rais Samia wanaozunguka kwenye halmashauri tangu 2024, wakija kwenu usiwe mtu wa kuwapangia foleni na kuwatafutia chai. Muombe mganga mkuu akuachie siku hizo, uingie nao chumba cha upasuaji, ushike vifaa. Kuwajengea uwezo walioko wilayani ni sehemu ya kilichowaleta.

Pointi za leseni zikusanye, sheria ni sheria. Jirani zetu Kenya wanadaiwa 50 kila mwaka, na malalamiko yao ni kama yako. Ila zile za kunakili majibu unajiibia mwenyewe, na ulishaziona gharama zake zikipimwa kwenye mizani ya watoto. Vikao vyenu vya kituo vikiandikwa vizuri, mada, tarehe, waliohudhuria, ulizia wilayani utaratibu wa kuvitambua. Usipouliza hakuna atakayekuletea.

Twende kwenye ubingwa.

MC wa harusi msamehe, hajui. Kule Uingereza daktari huyo "wa kawaida", anayemwona mtoto, mzee, mjamzito na anayelia bila kuumwa, hapewi kazi hiyo kwa sababu amekosa nyingine. Baada ya shahada anapitia miaka miwili ya msingi, kisha mitatu ya kusomea udaktari huo, na chama chao cha kitaaluma kipo tangu 1952. Hapa Afrika Mashariki ubingwa wa aina hiyo upo, unaitwa tiba ya familia. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, walianza kuufundisha 2005, na Dar es Salaam unafundishwa Chuo Kikuu cha Aga Khan. Niliposoma ile sentensi yako ya nimonia, presha, bodaboda na machozi, niliandika pembeni kwa kalamu: huyu ni wa tiba ya familia, anajijua au hajijui.

Lakini sikusukumi. Ukimaliza, utaeleza maisha yako yote wewe ni bingwa wa nini, na kuna ofisi zitakazokutazama kama umechomekea neno. Kabla ya kuomba, nenda kamtafute mmoja aliyehitimu, muulize anafanya kazi wapi, kwa cheo gani, analipwa kama bingwa au la. Kaa na mkeo mpige hesabu ya ada, ya kodi ya nyumba mjini na ya miaka ambayo watoto watakuona likizo tu. Uliza ufadhili wa serikali wa masomo ya kibingwa unahusu fani ipi na unakufunga kwa mkataba gani. Ukikuta moyo wako kweli uko kwenye upasuaji, nenda kwenye upasuaji, sitanuna. Mzee wako muombe muda; wazee wanaouliza kila Krismasi mara nyingi wanataka tarehe tu, ukiwapa wanatulia.

Kitu kimoja ndicho ninachokukataza: usiende mwaka huu. Mwaka huu unakimbia ule usiku. Mtu akikimbilia ubingwa kwa aibu huchagua fani ambayo haitamkutanisha tena na kilichomwaibisha, na wewe utajikuta unasomea macho kwa sababu macho hayavuji damu. Jipe miezi 12 ya Jumatatu na daftari. Mwenzako akirudi likizo mgawane mada. Ukifika mwisho bado unataka kwenda, utakuwa unakwenda na maswali yako mfukoni, na mwalimu yeyote atakutambua siku ya kwanza.

Sasa tumrudie binti. Umenyamaza miezi miwili, na "ndiyo Dokta" zake umezisikia. Hiyo ndiyo hatari iliyoko kituoni kwako leo, kubwa kuliko traneksamiki, kwa sababu usiku mwingine ataona kitu na hatasema. Usimwite ofisini, ukimwita ofisini atadhani anapewa barua. Sema kwenye ripoti ya asubuhi, mbele ya wote, mpaka na mlinzi kama yupo: "Usiku ule sista aliniuliza swali sahihi, nikamjibu vibaya kwa sababu sikujua. Ningemsikiliza tungeokoa dakika ishirini." Maneno hayo tu, usiyapambe. Watu watatazama chini. Vumilia.

Kisha umwombe yeye afundishe Jumatatu ya kwanza. Akikubali, nenda ukalale kwenye kitanda cha kujifungulia, na viatu vyako, wewe ndiwe mama unayevuja. Akutandikie khanga na plastiki chini yako, amwage hapo jagi la maji ya rangi kidogo kidogo, na wote walio chumbani, kuanzia wewe uliyelala, wakadirie ni mililita ngapi kabla hajapima.